Tochi Ilipozimwa Kilimani Lirhanda

Ngazi za mawe kutoka tulipoegesha gari hadi mlango wa banda zilikuwa 41. Nilizihesabu kwa sababu jioni ile nilizipanda mara nne, kitinda mimba mgongoni, sufuria na pakiti za unga mikononi, mvua ya Kakamega ikitumwagikia bila huruma. Nilipopiga simu kuuliza nafasi hakuna aliyenitajia ngazi. Wala hakuna aliyenitajia kwamba zile shilingi 4,000 kwa usiku ni za kitanda cha watu wazima peke yake, kwamba magodoro ya watoto ni 500 kila moja, na kuni 300. Kuni za nini? "Za maji ya moto, madam." Maji ya moto niliyoahidiwa yalikuwa pipa lililojengewa nyuma ya bafu, uliwashie moto mwenyewe, kwa kuni zilizonyeshewa.

Nililipa. Ukiwa na watoto watatu wenye njaa na giza linaingia, utabishana mpaka saa ngapi? Lakini iliniuma, na bado inaniuma, maana pesa ile niliiweka kidogo kidogo tangu Januari, na hesabu yangu niliipiga kwa bei niliyotajiwa. Mwambie mgeni ukweli tangu mwanzo. Akishindwa atakaa kwake.

Safari yenyewe ilitokana na kelele za watoto. Wenzao wa shule walikuwa wameenda Mombasa, na sisi tunaishi Kisumu ambako kwao ziwa ni kitu cha kila siku. Nikamwambia baba yao, kuna msitu mkubwa hapo jirani, masalia ya ule msitu wa mvua uliowahi kuungana na misitu ya Kongo, na hatujawahi kuwapeleka. Kutoka kwetu hadi mji wa Kakamega ni kilomita kama 50 tu. Tulisimama Ilesi wakaliangalia jiwe linalolia, lile jabali refu lililobeba jingine kichwani, likichuruzika maji. Binti yangu mkubwa alitaka kujua linamlilia nani. Kisha tukarudi nyuma hadi Khayega, tukakata kuelekea Shinyalu, barabara ikageuka utelezi, na hapo ndipo mvua ilipotukuta.

Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu. Mwanangu wa kati ana miaka sita na hawezi kulala gizani. Nyumbani tunamwachia taa ya korido. Banda lilikuwa na taa ya sola, nayo ikazima saa tatu na nusu. Msitu usiku una sauti ambazo mtoto wa mjini hazijui, na kila kitu kilichodondoka juu ya mabati kilimfanya ashtuke. Nilikaa naye nimewasha tochi ya simu hadi chaji ikaisha, kisha nikawasha ya baba yake. Baba yake akasema mtoto lazima azoee. Nikamjibu azoee Kisumu, leo tumekuja kupumzika.

Siku ya pili sina la kusimulia. Asubuhi tuliona mbega na mtoto wake mweupe pee kama pamba, kwa maana huzaliwa hivyo kabla ya kupata ile rangi nyeusi. Saa saba mvua ikaanza, tukacheza karata hadi usiku.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Tulipanda kilima cha Lirhanda na mzee mmoja mwongozaji, Mwisukha wa hapo hapo, mwenye fimbo na gamubuti. Kupanda si kugumu, hata kitinda mimba alitembea nusu ya njia. Juu ukisimama unauona msitu wote umelala chini yako, ukungu ukipanda kutoka katikati ya miti kama moshi wa majiko mengi, na upande wa mashariki ukuta wa Nandi. Baba yao alikaa juu ya jiwe akanyamaza muda mrefu, jambo lisilo la kawaida yake.

Tulipokuwa tukishuka, mzee akauliza kama watoto wangependa kuona shimo. Ubavuni mwa kilima kuna njia iliyochimbwa na watafuta dhahabu enzi za wakoloni, ambayo sasa imebaki kwa popo. Mimi nilitaka kukataa. Mwanangu wa kati akasema anataka kuingia. Nikamwangalia mzee, naye akasema, "Mama, tukiona anaogopa tunarudi. Shimo halina haraka."

Baba yao alibaki nje na mdogo. Sisi tukainama, tukaingia. Harufu inakupokea kwanza, kali kama ya banda la kuku lisilofagiliwa. Chini ni tope laini linalonyonya kiatu. Popo wamening'inia darini kama ndizi zilizokauka, na tochi ikiwagusa wanaachia, upepo wa mbawa zao unakupita shavuni. Binti yangu aliweka mkono ukutani, akaniita. Jiwe lilikuwa na mikwaruzo ya chuma, mistari mifupi iliyokaa sambamba, mingine inaingia kidole. Akawa anaifuata mmoja mmoja hadi pale mkono wake ulipokoma kufika.

"Tuzime tochi kidogo," mzee akasema, "tuwaache watulie."

Giza lile sijawahi kuliona. Nilifungua macho na kuyafumba nikakosa tofauti. Mkono wa mwanangu ulilowa jasho ndani ya wangu, nikangoja kilio. Hakulia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Waliochimba walikuwa na tochi?"

"Mshumaa," mzee akamjibu. "Na ukizimika, unakaa unangoja."

Mimi ni mwalimu wa historia. Kwa miaka 16 nimewaandikia wanafunzi ubaoni: dhahabu Kakamega, 1931. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ili eneo la Waafrika liweze kuchukuliwa kwa ajili ya migodi bila wao kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi wa Rosterman, uliofungwa 1952. Naandika, nafuta, naendelea na mada nyingine. Na babu yangu mzaa baba, guga wangu, alifanya kazi Rosterman. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu la pili. Nilijua ndiko alikopata pesa za ng'ombe wake wa kwanza, na kwamba kifua kilimsumbua hadi alipokufa nikiwa darasa la nne. Sikuwahi kujiuliza alikuwa akiona nini huko chini.

Pale gizani nikaikumbuka koroboi yake. Utotoni nilikuwa nalala kwa guku, nyanya yangu, na mlango wa guga ulikuwa na ufa chini. Ufa ule ulikuwa na mwanga usiku kucha. Nilidhani wazee wote hulala hivyo.

Tulipotoka nje jua lilituumiza macho. Mzee nilimpa kile alichodai na nyongeza, na hiyo ndiyo pesa pekee ya safari hii niliyoitoa kwa moyo mmoja.

Khayega tulisimama kununua ndizi, nikampigia shangazi yangu, aliyerudi kuishi bomani kwetu Maragoli. Tukasalimiana, nikamuuliza kwa nini koroboi ya guga ilikuwa haizimwi.

Akanyamaza kidogo. "Umeikumbuka leo?"

"Nimeikumbuka leo."

"Baba alishikwa na giza huko Rosta," akasema. "Mshumaa uliwaishia chini, yeye na mwenzake, wakakaa mpaka zamu nyingine ikateremka. Tangu siku hiyo hakulala bila taa. Mama alilalamikia mafuta mpaka akachoka, akawa anayanunua mwenyewe."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mwanangu alikuwa ameshaingiza kichwa katikati ya viti. "Hata alipokuwa mzee?"

"Hata alipokuwa mzee, mjukuu wangu. Ni wewe unayeuliza?"

Hakujibu. Alirudi nyuma akamenya ndizi yake, na kutoka Chavakali hadi Mbale sikumsikia. Tulipokaribia Majengo, penye njia ya kwetu, baba yao akapunguza mwendo akaniangalia. Nilikuwa nimebakiwa na shilingi 700, na sare za watoto za Jumatatu zilikuwa bado chafu. Nikamwambia akate kona. Kutoka nyuma mwanangu akauliza kama ile koroboi bado ipo.