Siku Moja Kwenye Yadi ya Plastiki Chakavu, Mbeya

Saa 12 asubuhi baridi ya Mbeya haina huruma, lakini yadi lazima ifunguliwe. Vijana wa makopo huanza kushusha viroba mapema. Wanaotuita waokota takataka wajue hili: kazi yangu ni kuchambua, na kuchambua ni kemia ile ile niliyoisomea chuoni.

Saa 2 hadi saa 4: mzani, kung'oa vizibo, kubandua lebo. Kwenye pipa la maji vipande vya chupa vinazama, vya madumu vinaelea.

Saa 4 na nusu ikaingia bajaji ya mzee mmoja, madumu ya mafuta ya kula yamechanganywa na ndoo. Anataka bei moja.

"Shikamoo mzee. Ndoo tunaziweka pembeni."

"Marahaba. Pembeni kwa nini? Tazama chini, zote namba 2!"

Kweli, namba hiyo iliyochapwa chini ni ya polietilini ngumu, na zote ni hiyo. Tukabishana mpaka jua likawa la utosi. Mwishowe nikakwangua kidogo huku na huku, nikaweka juu ya bati la moto. Ya ndoo ikalainika, ikatambaa. Kuigusa na msumari, ikakatika. Ya dumu ikabaki donge, ukiivuta inatoa uzi mrefu.

Nikamweleza. Kiwandani, gesi ya ethilini hukutanishwa na kichocheo cha metali, mfano titani, molekuli zake ziungane kuwa mnyororo, ndiyo plastiki yenyewe; njia aliyoigundua Karl Ziegler huko Ujerumani mwaka 1953. Molekuli mpya haiendi kuungwa ncha ya mbali ya mnyororo. Inajipenyeza pale pale mnyororo uliposhikana na metali, kama miaa mipya inavyoingia vidoleni mwa msusi wa ukili, mkia ukizidi kwenda mbali. Wakitaka mnyororo ukomee hapo wanaingiza haidrojeni: unaachia, na metali inaanza mwingine. Haidrojeni ikizidi, minyororo inakuwa mifupi, plastiki inamiminika upesi kwenye kalibu ya ndoo. Dumu linataka minyororo mirefu. Mengi hutokana na kichocheo cha kromiamu, ambako urefu huamuliwa zaidi na joto la mtambo. Nikichanganya, anayenunua chenga zangu za plastiki iliyosagwa ili aziyeyushe apulize madumu ataona plastiki yake ya moto inalegea na kudondoka kabla hajaipuliza.

Mzee akasikiliza yote. Akakubali bei mbili, akanung'unika hadi getini.

Mchana sikumbuki nilikula nini. Mashine ya kusaga ilikwama, mgongo unauma, na giza likatukuta bado tunazitenga zile ndoo.