Siku moja ya fundi: tundu moja la ekzosi jeusi, jingine kahawia

Saa 1:30 asubuhi. Kazi hii inataka injini iliyolala usiku kucha, ndiyo maana inaanza kabla ya nyingine zote. Pikipiki ni ya silinda mbili, kila silinda na kabureta yake na bomba lake la moshi. Lalamiko: ikinguruma bila resi inatetema na inanuka petroli, lakini ikishika mwendo haina shida. Mwenyewe alishafungua mabomba akakuta tundu la kushoto jeusi tititi, la kulia kahawia. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia jeti, yaani vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta. Rangi ya tundu ni shahidi tu: inakuambia silinda hizi haziunguzi sawasawa, haikuambii kwa nini.

Kabla ya kugusa nati, kila bomba linapakwa kidoa cha rangi nyeusi isiyong'aa, ile inayostahimili joto, sentimita 5 kutoka kwenye injini. Kipimajoto cha infraredi kikielekezwa kwenye kromu inayong'aa kinatoa namba ya uongo. Washa, hesabu sekunde 30, pima: kulia nyuzi 140, kushoto 95. Silinda ya kushoto haijazima kabisa. Inaunguza vibaya.

Saa 2. Nati za ekzosi zilinyunyiziwa dawa ya kutu jana jioni na tena leo. Robo mzunguko mbele, nusu ya hapo nyuma, tena mbele. Anayetaka kumaliza kwa dakika tano hukata stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati), na kuchimba stadi iliyokatikia ndani ya alumini ni kazi ya nusu siku.

Mabomba yakishatoka, macho hayatoshi, kidole kinaingia. Masizi makavu yanayofutika kama unga wa mkaa: petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Weusi unaong'aa na kunata, hasa upande wa shina la valvu: oili inapita kwenye sili au kwenye mwongozo wa valvu (kibomba ambamo shina hupita). Ukoko wa kijivu kwenye ukingo wa gasketi peke yake: gasketi inavuja, na huo usiuhesabu kama rangi ya tundu. Hapa ni masizi makavu, yameenea sawa pande zote. Oili imeshatoka kwenye orodha.

Saa 3 hadi saa 5: klirensi (nafasi) za valvu kwa filageji, vibati vyembamba vya kupimia, pistoni ikiwa juu mwisho wa mgandamizo, zote ndani ya kipimo. Mpira wa kabureta hauna ufa. Plagi na kepi zinahamishwa kushoto kwenda kulia na kulia kwenda kushoto. Ugonjwa ukihama na kifaa, kifaa ndicho kibovu. Haukuhama. Mwisho kompresheni, plagi zote nje, resi wazi kabisa: bar 12 kulia, 11.7 kushoto. Tofauti ikipita asilimia 10 ndipo pa kuanza kuuliza habari za ringi na valvu.

Saa 5 mwenye pikipiki akafika, na hapo ndipo siku iliporefuka.

“Fundi, weka jeti ndogo kushoto, niondoke.”

Hilo ndilo ombi linaloua injini, na linahitaji kujibiwa kwa subira kila linapokuja. Jeti kubwa hufanya kazi resi ikiwa imefunguliwa sana. Pikipiki hii ikikimbia iko salama, inaugua ikisimama. Ukipunguza jeti kubwa, masizi ya kusimama yatabaki palepale, halafu kwenye mwendo silinda ya kushoto itakosa petroli, ipate joto kupita kiasi, valvu ya ekzosi iungue au pistoni itoboke. Akaonyesha plagi aliyoichomoa mwenyewe, nyeusi, kama uthibitisho. Lakini aliichomoa baada ya kuiacha pikipiki ingurume dakika kumi, kwa hiyo ile ni rangi ya kusimama. Anayetaka kusoma plagi ya mwendo hukimbia kwa resi moja isiyobadilika, hubana klachi, huzima injini hapohapo, huchomoa.

Kisha akasema alishazungusha skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa ya kushoto. Mizunguko mingapi? Hakuhesabu. Alikaza tu mpaka ikagota.

Hilo linachosha, maana kipimo cha awali kimepotea. Hata hivyo ndilo jambo lenye thamani kuliko yote aliyosema. Kwenye kabureta hizi skrubu iko upande wa injini, inapitisha mchanganyiko wenyewe. Ikikazwa hadi mwisho, silinda hiyo ilipaswa kukohoa au kuzima. Kama bado inanguruma na bado inatoa masizi, petroli inaingia kwa mlango mwingine. Milango ni michache: boya, linalozuia petroli isizidi ndani ya bakuli la kabureta, limeruhusu usawa wa petroli upande mno, au choki, inayoongeza petroli injini ikiwa baridi, haijafunga.

Boya kwanza, maana halihitaji kushusha kabureta. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani unachomekwa kwenye tundu la kumwagia la bakuli, unainuliwa kando ya kabureta, skrubu inalegezwa, petroli inapanda hadi usawa wake. Kushoto na kulia ni sawasawa.

Kwa hiyo kabureta zinashuka. Mchana huu sikumbuki tena saa ngapi. Mikono inanuka petroli na mgongo umekaza. Choki za aina hii ni pistoni ndogo zenye raba nchani, zinazoinuliwa pamoja na uma wa chuma. Ya kulia imekaa. Ya kushoto, ukiisukuma kwa kidole, inashuka milimita moja zaidi: uma umepinda, na raba imekauka ikapata mfereji. Milimita moja inatosha. Resi ikifungwa, mvuto nyuma ya kipepeo (kibati kinachofunguka na resi) ni mkubwa na unanyonya petroli kupitia hapo. Resi ikifunguliwa mvuto unapungua na uvujaji hausikiki. Ndiyo maana ikikimbia ilikuwa nzima.

Uma umenyooshwa, pistoni zote mbili za choki mpya, kebo imeachiwa ulegevu wa milimita 2. Skrubu ya mchanganyiko inatolewa nje kabisa: springi, washa, halafu oringi (pete ya raba), ambayo hupenda kubaki ndani ya shimo na watu huisahau humo. Inarudishwa hadi igote taratibu, kisha inafunguliwa mizunguko inayotajwa na kitabu cha pikipiki.

Masizi yanasuguliwa valvu za ekzosi zikiwa zimefunga, uchafu usiingie ndani. Gasketi mpya. Usawazishaji wa kabureta, ili zote mbili zivute sawa, unakuja mwisho, injini ikiwa moto na feni mbele yake. Anayeanza nao hufunika ugonjwa kwa bisibisi. Geji za mvuto zikaachana chini ya milimita 20 za zebaki.

Jioni, kilomita 20 za resi tofautitofauti, halafu injini ikazimwa ikapoa. Sekunde 30 tena: 141 na 138. Mabomba chini kwa mara ya mwisho: la kulia kahawia, la kushoto kahawia iliyoanza kushika. Mizunguko ya skrubu ikaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kiti.