Mradi wa muvi za Krismasi kwa Kiswahili: tumefika wapi

Kwa wale wamekuwa wakiniuliza kama ule mradi wa Desemba bado uko, uko, na umeanza kuwa na sura. Kama wewe ni mgeni hapa, ninachofanya ni kuchagua vipande vya muvi za Krismasi, vile vya kuchekesha na vile vya kuliza, navisimulia kwa Kiswahili juu ya picha, alafu Krismasi ikikaribia tunawasha projekta kwa ukuta wa ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, watoto kwa mikeka, wazazi kwa viti vya plastiki. Hakuna kiingilio. Wengi ni watoto wenye hawaendi ushago, juu mnajua vile nauli hufanya ikifika tarehe 20, mzazi anapiga hesabu ya watu watano kwenda na kurudi anaamua Krismasi ni hapa hapa. Na mwaka huu shosho yuko na sisi, Kizungu cha muvi hakimwingii kabisa, so amekuwa ndo mtu wangu wa kujaribia kila kitu.

Style nilikuwa nimepanga iwe ya DJ Afro, yule msimulizi wa muvi kwa Kiswahili, hiyo hamna haja nieleze zaidi, sisi wote tumelelewa na hizo muvi kwa vibanda, stelingi akirusha teke msimulizi ashasema mambo matatu kabla mguu ufike. Kwa muvi ya vita hiyo kitu haina mpinzani. Kwa Krismasi nimegundua iko na mahali pake na mahali si pake, na kazi yote ya huu mwezi imekuwa ni kujua pa kuongea na pa kunyamaza.

HOME ALONE

Nilianza na hii juu hakuna mtu hajui, ilitoka 1990 na mpaka leo Krismasi bila Kevin ni kama chapo bila ndengu. Kitu watu husahau ni kwamba balaa yote imeanzishwa na stima. Usiku upepo unaangusha tawi kwa waya, stima inapotea, saa za kengele zinavurugika, familia inaamka ikiwa imechelewa ndege ya kwenda Paris, na kwa hiyo mbio wanahesabu mtoto wa jirani wakidhani ni wao, Kevin anaachwa nyumbani peke yake. Nilipomsimulia shosho hapo akaniangalia akasema, "Hao nao wanakaa mtaa gani?" Alikuwa ameshaingia ndani ya hadithi, sikuhitaji kueleza Chicago ni wapi.

Sasa mitego yenye Kevin anawawekea wezi wawili wanaotaka kuingia kwao. Pale nimekata maneno karibu yote. Chukueni ile ya pasi, Marv, mmoja wa hao wezi, yuko chini kwa giza, anavuta kamba akidhani anawasha taa, kumbe kamba imefungwa kwa pasi huko juu kwa shimo la kutupia nguo chafu. Anasikia kitu kinakuja. Anainua uso kuangalia. Hiyo nusu sekunde ya kuinua uso ndo komedi yenyewe, watoto wanajua, Marv bado hajajua, na ukiongea hapo hata neno moja umewaibia. Nimeacha tu sauti ya muvi, pasi ikishuka nasema "uuuwi" basi. Ile ya buibui pia sijagusa, ule mnyama ulikuwa wa kweli kwa uso wa Daniel Stern, mwenye anaigiza Marv, na nduru yenye alipiga hakuna Kiswahili inaweza kuishinda. Jirani wa juu aligonga sakafu akidhani kuna mtu ameibiwa.

Mahali nimeongea sana ni kwa mama. Mama ya Kevin akiwa Paris anabembeleza wazee wawili wamuuzie kiti chao cha ndege, anatoa pesa, anatoa saa, anatoa herini, na hiyo kwa Kiswahili inakaa poa juu sauti ya mama akibembeleza sisi wote tunaijua. Alafu baadaye amekwama uwanja mwingine na anapewa lifti na bendi ya wanaume wa polka, kiongozi wao Gus ameigizwa na John Candy. Huyu jamaa ananimaliza. Anataka kumliwaza mama, so anamwambia hata yeye aliwahi kumsahau mtoto wake, walimwacha mahali pa maiti siku nzima, peke yake na marehemu, lakini asijali, mtoto alikuwa sawa, baada ya wiki sita saba hivi akaanza kuongea tena. Anasema hivo na uso mkunjufu kabisa! Nimeisimulia kama mjomba wa matangani mwenye anajaribu kusaidia na anaharibu zaidi, na kila mtu mzima alicheka, watoto hawakuelewa, hiyo ni sawa, si kila kitu ni yao.

Ya kuliza ni kanisani. Mzee Marley, yule watoto wa mtaa wanasema aliua familia yake na koleo, anakaa kando ya Kevin kwaya ikifanya mazoezi, na inatokea mjukuu wake yuko kwa hiyo kwaya na amekuja kumsikiliza kwa kujificha juu yeye na kijana wake walikosana miaka mingi. Hapo nimezima mik kuanzia mzee anapokaa chini. Kabla ya hapo nasema sentensi moja tu, "huyu mzee ana mtoto na hawaongei", nimemaliza. Shosho hakuuliza kitu. Soja wa geti, mwenye alikuwa amesimama mlangoni akisema anapita tu, ndo aliuliza, "Alimpigia simu?" Nikamwambia ngoja mwisho.

IT'S A WONDERFUL LIFE

Hii ndo niliambiwa nisiguse. Ya 1946, haina rangi, zaidi ya masaa mawili, ati watoto watalala. Lakini hebu sikieni stori. Jamaa anaitwa George Bailey, amerithi kazi ya kuendesha kitu chenye watu wa mtaa wanaweka akiba wakikopeshwa kujenga nyumba. Si hiyo ni sacco? Ukishasema sacco watu wazima wote wamekaa wima. Kuna tajiri mmoja, Potter, mwenye benki, anataka kuimeza. Siku moja benki zinayumba na wanachama wanajaa mlangoni wanataka pesa zao zote, leo hii, na George anawaambia pesa haziko hapa kwa sefu, ziko kwa nyumba ya huyu, na ya yule, na yako. Hapo sikubadilisha chochote, nimefuata maneno yake tu, na treasurer wa chama chetu alikuwa anatikisa kichwa kama yuko kwa mkutano wa mwaka.

Alafu anatoa pesa zake za fungate, dola 2,000, anaanza kuwagawia. Wa kwanza anataka zake zote, 242, hataki stori. Wengine wanaona aibu wanaomba 20. Na kuna mama mmoja mdogo wa mwili anakuja mbele kwa sauti ya chini anaomba 17 na nusu, na George anafurahi anamrukia anambusu. Hiyo sini ni ndogo sana na nimeirudia kuangalia kuliko zingine zote, juu inachekesha na inauma kwa wakati mmoja, huyo mama amepiga hesabu ya kile anahitaji kweli kweli, hajaongeza hata ya mboga. Saa kumi na mbili jioni wakifunga zimebaki dola 2 na wanazibeba ndani kama maharusi.

Kwa watoto nimewawekea ile ya densi, ukumbi wa shule wenye chini ya sakafu kuna swimingi puli, kijana mwenye wivu anafungua sakafu na George na msichana wanacheza wakirudi nyuma, wanashangiliwa, wanadhani ni juu wanajua kucheza, kumbe shimo liko nyuma yao. Mpaka wanatumbukia, na badala ya kukasirika watu wote wanajirusha ndani na suti. Sikuongea. Wewe ungesema nini hapo?

Mwisho wake ni harambee tupu. Dola 8,000 za sacco zimepotea, Potter amezipata na akanyamaza nazo, George anaenda kushikwa, na mke wake anapita mtaani akiambia watu. Wanakuja na vikapu. Mezani panajaa, mpaka mkaguzi wa hesabu mwenyewe anatupa yake, na afisa aliyekuja na waranti anairarua. Tuna magrupu ya mchango hapa kila wiki, ya hospitali, ya karo, ya kusafirisha mwili, na yule mtu wa kubandika orodha kila baada ya dakika tano na "aluta continua" chini, so watu hawahitaji kusukumwa kuelewa. Na mtu mwingine aniambie ile sura ya James Stewart, mwenye anaigiza George, akiomba Mungu akiwa baa, kabla ya hapo, ni ya kuigiza tu. Huyo jamaa alikuwa ametoka tu vitani, alikuwa rubani wa ndege za mabomu, hii ndo muvi yake ya kwanza baada ya kurudi, na inaonekana kwa macho.

MIRACLE ON 34TH STREET

Ile ya 1947. Hii nimechukua sini moja tu. Mzee anafanya kazi ya Santa kwa duka la Macy's huko New York, analetewa msichana mdogo kutoka Uholanzi, yatima amechukuliwa na mama Mmarekani, na mama anaomba msamaha kabisa, anasema mtoto hajui Kiingereza lakini alisisitiza aje kumwona. Mzee anageuka anaongea naye Kidachi. Wanaimba. Uso wa huyo mtoto unafunguka, na Natalie Wood, bado mdogo, mwenye anaigiza mtoto aliyefunzwa kwamba Santa hayuko, amesimama kando anaangalia akiwa hajui tena aamini nini. Muvi yenyewe haijaweka tafsiri pale chini, so mimi pia siweki. Watoto wa ploti wanapatia bila kusaidiwa, nusu yao huongea lugha moja na cucu na ingine shuleni. Edmund Gwenn, mwenye anaigiza huyo mzee, alichukua Oscar kwa hiyo kazi. Kitu cha kuchekesha ni studio ilitoa muvi ya Krismasi katikati ya mwaka, ati watu huenda sinema sana wakati wa joto, na matangazo yakaficha kwamba ni ya Krismasi.

MENGINEYO

Projekta ni ya kuazima, taa yake imeanza kuchoka, nitapita Luthuli kwa maduka ya elektroniki nione bei. Spika iko sawa. Shuka ya kwanza ya kutundika ukutani ilikuwa na maua, hapana.

Kuna ombi la kina mama wa ploti, wanataka Love Actually watoto wakishalala, na wanataka hasa ile ya Emma Thompson akifungua zawadi. Aliona mkufu kwa mfuko wa koti ya bwana yake, anafungua boksi akiutarajia, anapata sidii, kumbe mkufu ni wa mwanamke mwingine. Anaenda chumbani, analia amesimama, anapangusa uso, ananyoosha blanketi kwa kitanda, anarudi kwa watoto akitabasamu. Hiyo ya kunyoosha blanketi mimi siisimulii hata nikilipwa. Itabaki vile iko.

Elf ya 2003 bado nahangaika nayo, Will Ferrell, mtu mzima aliyelelewa huko kwa Santa, anasikia meneja akitangaza Santa anakuja dukani anapiga nduru ya furaha na kusema anamjua, na ninahitaji mtu mwenye sauti kubwa kuliko yangu. Kuna konda wa mathree za hapa stejini nimeanza kumshawishi, anataka kujua kama kuna chakula.

Kinachobaki ni vita yangu na shosho. Amefurahia harambee, amefuta machozi na leso, alafu akauliza, "Na huyo tajiri?" Nikamwambia hakuna kitu, Potter hashikwi, muvi inaisha na zile 8,000 bado ziko kwake. Amekataa. Anasema mimi ndo niko na mik, niongeze sentensi moja tu kwamba polisi walienda kwake asubuhi. Nimemwambia siwezi kuongeza kitu hakiko. Sasa ameambia watoto wote wa ploti, na wanangojea hiyo sentensi.