Wewe utafaa ofisini

Siku ya nne leo, na maneno matatu bado yananizunguka kichwani. Wewe utafaa ofisini.

Aliyasema msimamizi wangu wa fildi, huku porini ninakojifunza kazi ya wanyamapori, Jumanne, mbele ya askari wawili wa wanyamapori na mwenzangu mmoja. Hakuyasema kwa ukali. Angefoka ningejua pa kuyaweka.

Tulikuwa tunapitia picha za kamera tunazofunga mitini. Nyingi ni majani tu yaliyotikiswa na upepo; unapitisha mia mbili ndipo unakutana na mkia. Kwenye daftari, kituo cha sita kiliandikiwa chui wawili. Picha ya kwanza ni ubavu wa kushoto, ya pili ubavu wa kulia, zimepishana siku tatu.

Nikauliza, "Samahani mzee, tunajuaje ni wawili?"

Madoa ya chui ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaolingana. Lakini hata chui mmoja, madoa ya kushoto siyo ya kulia. Ndiyo maana kamera hufungwa mbili zikitazamana, mnyama akipita apigwe picha pande zote kwa pamoja. Pale kituo cha sita kamera moja ilikuwa imekwisha betri. Tukihesabu wawili na kumbe yuko mmoja, siku huyo mmoja akifia kwenye kitanzi cha jangili, daftari litasema bado yupo. Hilo ndilo lililonisukuma kuuliza, sikutaka kumkosoa mtu.

Akaikuza picha. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Binti, wewe utafaa ofisini."

Askari mmoja akacheka. Mimi nikasema, "Asante, mzee."

Tangu hapo matokeo ya muhula yametoka (nimefaulu yote, hata takwimu), gari limekwama mtoni tukalala humo humo, na tembo jike tuliyekuwa tukimngojea amezaa, mimi bado niko palepale kwenye asante yangu. Hapa kambini "mtu wa ofisi" ni yule anayeshuka garini na viatu visafi, anapiga picha na twiga kwa mbali, anaondoka kabla ya jua kuchwa. Mimi Jumatatu hiyohiyo nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, napapasa wayo kwa kidole kutafuta alama za kucha. Fisi huziacha. Hazikuwapo. Nikasema chui, na alikuwa chui. Tangu kidato cha pili sijataka kazi nyingine, mnajua nyumbani tulivyovutana juu ya udaktari. Halafu ofisini!

Leo asubuhi nimefungua daftari kuingiza kituo cha saba. Kwenye cha sita, "wawili" imekatwa kwa kalamu nyekundu. Juu yake, kwa mwandiko wake: "angalau mmoja". Pembeni ameandika herufi za majina yangu, kama tunavyomwandika aliyemtambua mnyama. Hajaniambia kitu. Nimekaa na ukurasa ule mpaka chai ikapoa.

Jioni Mama akapiga, nikamsimulia yote. Yeye kashika jambo moja tu: je, hemani nalala peke yangu? Nikamwambia habari ya Jane Goodall, kwamba alipokwenda Gombe kuchunguza sokwe mwaka 1960 wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali akae porini bila mwenzake, kwa hiyo mama yake akafuatana naye, akaishi naye kambini miezi ya mwanzo.

Mama akanyamaza kidogo. "Basi waulize kama kuna hema la pili."

Alisema kweli, namjua. Nilicheka kwa furaha hadi nikakaa chini. Ila kabla ya kukata simu alikohoa mara tatu, kile kikohozi kikavu, nikamuuliza, akasema ni vumbi la kufagia. Saa mbili usiku, nani anafagia? Nimempigia dada, hapokei.