Kihispania na majina ya nyimbo

Jamani, katika kujifunza Kihispania hakuna kitu kinachonipa raha kama nyimbo. Neno canción, yaani wimbo, linakutosha karibu kila mahali, lakini wenyewe wana majina yao. Wimbo wa Krismasi ni villancico. Wa kumbembeleza mtoto alale ni nana, ingawa wengine husema canción de cuna. Wa taifa ni himno, na ule wa Uhispania hauna maneno rasmi, ndiyo maana wachezaji wao husimama kimya wenzao wakiimba.

Kipenzi changu ni saeta. Juma Kuu kule Sevilla, maandamano yanapita na sanamu ya Yesu au Bikira Maria, mara mtu anatokea kwenye roshani na kuanza kuimba peke yake, bila ala yoyote. Wabebaji wanasimama, bendi inanyamaza mpaka amalize. Na mwimbaji wa flamenko, muziki wa jadi wa kusini mwa Uhispania, usimwite cantante tu, yule ni cantaor. Mwanamke ni cantaora.

Siku hizi nimehamia Meksiko, kwa masikio tu 😄. Nasikiliza corrido, nyimbo za kusimulia visa, hasa zile za mapinduzi ya 1910. Mwenye nzuri anitumie!