Vimeng'enya vya ini vilipopanda tena, daktari alikataa kuniongezea dawa

Mwaka 2019 niligundulika kuwa na homa ya ini isiyoletwa na kirusi chochote, ile ambayo kinga ya mwili hulishambulia ini lenyewe. Kimeng'enya cha ALT, ambacho huvuja kwenye damu ini likiumia, kilikuwa 640, ilhali kikomo cha maabara ile ni 40. Nilianzishiwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, miligramu 40 kwa siku, ikafuata azathioprini, nayo ya kutuliza kinga, na ALT iliposhuka chini ya kikomo nikapunguziwa prednisoloni hatua kwa hatua hadi miligramu 10.

Nilichokuwa sikitilii maanani ni njaa. Prednisoloni ilinifanya niamke saa nane usiku kutafuta kiporo cha wali, na maandazi manne na chai ya vijiko vitatu vya sukari nikayaona kuwa kifungua kinywa cha kawaida. Majirani walinisifu kwamba nimenawiri, nami nilifurahi, kwani baada ya ule umanjano wa macho nani angelalamikia mashavu? Katika mwaka mmoja na nusu nilitoka kilo 66 hadi 79.

Kisha ALT ikapanda hadi 96. Nikiamini ugonjwa umerudi, nilimwomba daktari aniongezee dozi, naye akakataa. Alinieleza kuwa ugonjwa huu ukiamka, aghalabu kingamwili za IgG hupanda pamoja na vimeng'enya, na zangu zilikuwa za kawaida. Altrasaundi nayo ilionyesha mafuta kwenye ini, ambayo pia huweza kupandisha ALT. Kuniongezea prednisoloni kungeongeza njaa, uzito na sukari, yaani kulilisha tatizo lenyewe. Hata hivyo hakutaka kubahatisha, kwa sababu maradhi hayo mawili huweza kukaa pamoja katika ini moja, hivyo nikachukuliwa kinyama cha ini kwa sindano. Majibu yalionyesha mafuta mengi na dalili chache mno za shambulio la kinga.

Lengo nililopewa lilikuwa kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito, bila haraka. Niliacha soda na sukari ya chai, ambayo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote; ugali ukawa wa ukubwa wa ngumi, na nusu ya sahani ikawa mchicha au matembele, pamoja na maharage au dagaa. Jioni nilishuka daladala vituo viwili kabla ya kwangu. Shangazi aliniletea mizizi ya kusafisha ini. Nilimshukuru kwa heshima nisiinywe, maana baadhi ya dawa za mitishamba huliumiza ini, na ALT ingepanda tusingejua chanzo ni kipi. Dozi sikuigusa mwenyewe, kwani kuacha prednisoloni ghafla ni hatari.

Baada ya miezi kumi nilikuwa na kilo 72 na ALT 38. Hapo ndipo daktari aliposhusha prednisoloni hadi miligramu 5, akaiacha azathioprini kama ilivyo, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nalala hadi alfajiri bila kukumbuka kiporo.