Watoto wa tumbo moja, bima tofauti

Jana usiku nimekaa zangu nje hapa Chang'ombe na baridi yetu ya Dodoma, dada akapiga wasap toka Marekani, analia. Mtoto wake mkubwa ana homa siku ya tatu na anaogopa kumpeleka hospitali sababu ya bili. Nikamuuliza dada, si mna bima? Kumbe mdogo anayo, kazaliwa kule ni raia, ila mkubwa aliyezaliwa hapa Makole hana. Jamani!

Sheria yao ya 1996 inawataka wahamiaji wengi, hata wenye grini kadi, wasubiri miaka 5 ndo wapate Medicaid, ile bima ya serikali yao kwa wenye kipato kidogo, halafu 2009 majimbo yakaruhusiwa kuwaondolea watoto hiyo subira na mengi yameshaiondoa, shida wazazi hawajui, wengine wanaogopa wakijaza fomu makaratasi yao yataingia doa. Nikamwambia kaulize jimboni kwako kesho hiyohiyo.

Mi mwenyewe nisijifanye mjanja, Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya huku kwetu, ya shilingi 50,400 kwa mwaka, nilisema mwezi ujao, mwezi ujao, mpaka 2023 wakasitisha kusajili mtoto mmoja mmoja.

Asubuhi dada katuma meseji, fomu kashajaza, mtoto bado anakohoa.